Mwili wa Anayekushauri Si Ushahidi

Mtu mwenye mwili uliojengeka huaminiwa kabla hajafungua mdomo. Akivua fulana mbele ya kamera na tumbo likaonekana limegawanyika vipande vipande, lolote linalofuata tunalipokea kama neno la mtaalamu: maji ya ndimu alfajiri, pushapu mia kabla ya kuoga, kijiko cha unga kutoka kwenye kopo jeusi. Ukithubutu kuuliza swali kwenye maoni, wafuasi wake watakujibu hata kabla yake: "Wewe mwili wako uko wapi tuuone?"

Jibu hilo linachekesha, ila ndilo kiini cha mkanganyiko wote. Mitandaoni mwili umefanywa cheti. Hatumuulizi mtu amesomea wapi, amefundisha nani, wala anajuaje hayo anayoyasema, tunamtazama kifua. Na kifua kinaweza kuwa kimetokana na mambo mengi yasiyohusiana kabisa na ushauri anaoutoa.

Kifua kimetoka wapi?

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti ulioongozwa na Dkt. Shalender Bhasin huko Marekani. Wanaume 43 waliozoea kunyanyua vyuma waligawanywa kwa kura katika makundi manne, kwa wiki 10. Kuna waliochomwa sindano ya testosteroni, homoni ya kiume inayokuza misuli, miligramu 600 kila wiki, na kuna waliochomwa sindano isiyo na dawa yoyote. Katika kila upande, baadhi walinyanyua vyuma na wengine walikatazwa wasiviguse. Walionyanyua bila dawa waliongeza takriban kilo 2 za mwili usio mafuta. Waliochomwa dawa bila kunyanyua chochote waliongeza kilo 3 na kidogo. Waliopata vyote viwili walifika kilo 6.

Yaani waliokaa na sindano yao waliwapita waliotoka jasho. Sasa mweke mmoja wa wale wa kilo 6 mbele ya kamera, mpe simu na taa nzuri, kisha mwambie aeleze siri ya mafanikio yake. Anaweza kutaja mpangilio wa mazoezi, anaweza kutaja uji wa lishe, anaweza kutaja nidhamu na kuamka saa kumi alfajiri. Vyote hivyo huenda anavifanya kweli. Lakini wewe ukivifanya bila kile asichokitaja, hutapata alichopata, na utakachoambiwa ni kwamba hukujituma.

Hili limewahi kutokea hadharani kabisa. Brian Johnson, Mmarekani aliyejiita Liver King, alipata mamilioni ya wafuasi kuanzia 2021 kwa kula ini bichi na viungo vingine vya ndani vya ng'ombe, huku akitembea kifua wazi na kuhubiri kwamba binadamu arudi kuishi kama mababu wa kale. Upande wa pili alikuwa na biashara ya vidonge vya viungo hivyo vilivyokaushwa. Kila alipoulizwa kama anatumia steroidi, yaani dawa za kukuza misuli za jamii ya testosteroni, alikana. Mwishoni mwa 2022 zikavuja baruapepe zake zikionyesha anatumia zaidi ya dola 11,000 kwa mwezi kununua homoni na dawa za aina hiyo. Desemba mwaka huohuo akatoa video akikiri. Waliokuwa wakinunua vidonge vya ini walikuwa wakilipia matokeo ya sindano.

Simaanishi kwamba kila mwenye misuli anachoma sindano. Wengi hawachomi. Ila hata tukiziweka sindano kando kabisa, bado mwili unaficha jambo la pili, nalo ni bahati ya kuzaliwa. Mwaka 2005 watafiti nchini Marekani walitoa matokeo ya watu 585, wanaume na wanawake, waliofanya mazoezi ya mkono mmoja kwa wiki 12, wote kwa utaratibu uleule. Mwisho wakapimwa ukubwa wa msuli. Kuna ambao msuli wao haukukua, mmoja ukapungua kwa asilimia 2, na kuna ambaye wake uliongezeka kwa asilimia 59. Nguvu nazo hivyohivyo: wengine hawakuongeza kitu, wengine waliongeza zaidi ya mara mbili. Mazoezi yaleyale, majuma yaleyale.

Fikiria basi ni yupi kati ya hao 585 angefungua akaunti ya kufundisha wenzake. Bila shaka si yule wa asilimia 2. Huyo angeacha kimyakimya na kurudi kwenye shughuli zake, wala usingemwona. Mtandao unakuletea waliofanikiwa sana tu, na hata hao unawachuja tena kwa sura, kwa sauti, kwa ujuzi wa kuhariri video. Kumuuliza mtu wa namna hiyo siri ya mwili wake ni sawa na kumuuliza mshindi wa bahati nasibu namna ya kupata pesa: atakujibu kwa moyo mweupe kwamba ununue tiketi.

Picha za kabla na baada sitazikalia muda mrefu. Pumzi iliyovutwa ndani, taa inayotoka juu badala ya mbele, pushapu chache kabla ya kupiga picha ili damu ijae misulini, suruali iliyopandishwa kidogo, na "miezi mitatu" inaweza kutengenezwa asubuhi moja. Norway ilichoshwa na mambo haya kiasi cha kutunga sheria: tangu Julai 2022, tangazo lolote lenye mwili uliorekebishwa kwa kompyuta lazima liwe na alama inayosema hivyo, na hilo linawahusu pia watu maarufu wa mitandaoni wanaolipwa kutangaza. Kwetu bado ni jicho lako mwenyewe.

Tuichambue klipu moja

Tuchukue klipu ya aina inayokutana nawe kila jioni. Dada amevaa suti ya mazoezi, muziki unapiga, maandishi makubwa juu: "Ondoa kitambi na nyama uzembe kwa dakika 7, siku 14 tu!" Anafanya mazoezi manne ya tumbo sebuleni, anamaliza kwa kusema madaktari hawataki ulijue hili, kisha anakukaribisha inboksi.

Dai la kwanza ni kwamba ukilifanyisha kazi tumbo, mafuta ya tumbo ndiyo yatakayoondoka. Linaingia akilini kwa urahisi kwa sababu unahisi pale panawaka moto. Lakini kinachowaka ni msuli. Mafuta yaliyo juu yake hayamilikiwi na msuli huo. Mwili ukihitaji nishati huchota kwenye akiba kutoka sehemu mbalimbali kupitia damu, kwa utaratibu unaotawaliwa na homoni, jinsia na urithi. Mwaka 1984 watafiti waliwafanyisha watu mazoezi ya kuinuka na kulala, jumla mara 5,004 kwa siku 27, kisha wakachukua chembe za mafuta kwa sindano kutoka tumboni, mgongoni na makalioni. Za tumboni hazikuwa zimesinyaa kuliko za sehemu nyingine. Mwaka 2011 wengine walirudia wazo hilo kwa watu 24 kwa wiki 6. Tumbo lilipata ustahimilivu, mafuta yake hayakupungua. Na zamani zaidi, 1971, walipimwa wacheza tenisi, watu ambao mkono mmoja unafanya kazi maradufu ya mwenzake kwa miaka: mkono huo ulikuwa mnene kwa misuli, lakini mafuta chini ya ngozi yalilingana kulia na kushoto.

Dai la pili ni hesabu, na hesabu unaweza kuifanya mwenyewe. Mtu wa kilo 70 akifanya mazoezi makali kwa dakika 7 anatumia kama kalori 65. Hiyo ni nusu chupa ya soda ya mililita 300. Zidisha kwa siku 14, unapata kalori 900 na kitu. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo ukifuata kila kitu bila kuruka hata siku moja, na usiongeze hata kijiko cha chakula, umepunguza kama gramu 120. Kitambi hakitambui kitu.

Lakini subiri, kwenye maoni kuna watu wanaapa wamepungua kilo 3 wiki ya kwanza! Na inawezekana hawasemi uongo. Klipu za namna hii huja na mlo: acha wanga, acha chumvi, kula mboga na mayai. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kilo moja na nusu hadi mbili zinaweza kushuka kwenye mizani namna hiyo bila mafuta kuguswa, na tumbo tupu linaongezea nyingine. Ukirudi kula wali siku ya Jumamosi, maji yanarudi. Hapo ndipo mtu hujilaumu, anarudi kwa dada, analipia awamu ya pili. Mzunguko huu ndio injini ya biashara nzima, na unaendeshwa na ushuhuda wa watu wakweli.

Kuhusu madaktari wasiotaka ujue: sentensi hiyo ikitamkwa tu, ongeza mashaka. Shirika la Afya Duniani limeweka mapendekezo yake wazi, bure, tangu 2020. Mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, kama kutembea haraka, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Hakuna aliyeificha siri hiyo. Haitazamwi sana kwa sababu haina muziki.

Ugali umekosa nini?

Kuna kundi jingine la washauri linalopigana na chakula chetu. Ugali ndio adui namba moja. Ukiacha ugali, wanasema, kila kitu kitajipanga. Mwaka 2004 watafiti, wengi wao Wakenya, walichapisha matokeo ya kupima chakula cha wakimbiaji 10 wa kiwango cha juu wa Kenya kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, na ugali peke yake ulichangia asilimia 23. Sukari, ile ya kwenye chai ya maziwa, ilichangia asilimia 20. Hao ni baadhi ya watu wembamba kuliko wote utakaowahi kuwaona.

Sasa angalia mtego: ningeweza kuigeuza habari hii kuwa klipu yangu. "Kula ugali na chai ya sukari uwe kama mabingwa!" Ingepata watazamaji, na ingekuwa upuuzi vilevile, kwa sababu watu hao wanakimbia asubuhi na jioni, na mkaa ofisini hana mahali pa kuzipeleka kalori hizo. Utafiti huo haukuambii ule nini. Unachokuambia ni kwamba sentensi "ugali unanenepesha", ikiachwa peke yake bila kiasi cha ugali na bila kiasi cha kazi, haina maana. Ushauri mwingi mbovu uko hivyo: una chembe ya ukweli iliyokatwa kutoka kwenye masharti yake. Wingi wa ugali usiku kwa mtu anayeshinda amekaa ni tatizo. Ugali si tatizo.

"Utafiti unasema"

Siku hizi washauri wamejifunza, wanataja utafiti. Picha ya ukurasa wa jarida inapita kwa sekunde moja nyuma ya kichwa chao, imezungushiwa wino mwekundu. Hiyo ni hatua mbele kuliko "niamini mimi", ila si mwisho wa safari.

Siki ya tufaha ni mfano mzuri maana inauzwa hadi kwenye maduka ya mtaani sasa. Machi 2024 jarida moja la lishe la kundi la BMJ la Uingereza lilichapisha jaribio kutoka Lebanon: vijana 120 wenye uzito uliozidi, wiki 12, waliokunywa siki kidogo kila siku wakapungua kilo kadhaa. Habari ilizunguka dunia nzima. Wataalamu wa takwimu wakaanza kulalamika kwamba namba hazikai sawa. Jarida likaagiza uchunguzi, matokeo hayakuweza kurudiwa kutoka kwenye data zilizotolewa, na mwaka 2025 makala hiyo ikafutwa rasmi. Klipu zilizojengwa juu yake hazikufutwa. Ziko pale, zinaendelea kupendwa, na anayeiona leo kwa mara ya kwanza hana namna ya kujua kwamba msingi wake umeondolewa.

Kwa hiyo mtu akikutajia utafiti, jambo la kwanza ni kuuliza kama anakupa namna ya kuufikia: jina la jarida, mwaka, kiungo. Asipotoa hata kimoja, hajataja utafiti, ametaja neno tu. Akitoa, huhitaji digrii kusoma muhtasari wa mwanzo. Tazama walipimwa nani. Panya? Vijana wa chuo wasiowahi kufanya mazoezi, ambao lolote lile lingewasaidia? Walikuwa wangapi? Kulikuwa na kundi la kulinganisha nalo? Walifuatwa kwa siku ngapi? Klipu inasema "inachoma mafuta", ukifungua unakuta watu wanane walipimwa kwa saa mbili kwenye baiskeli. Haya ndiyo mambo yanayopotea njiani, na mara nyingi hupotea bila mtu kukusudia udanganyifu. Mtengeneza klipu mmoja amenakili kwa mwenzake aliyenakili kwa mwingine.

Upande wa pili wa shilingi, asili mbaya ya dai hailifanyi kuwa uongo. Hatua 10,000 kwa siku hazikutoka maabara. Zilitoka Japani mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la kibiashara. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, 2019, I-Min Lee wa Harvard na wenzake waliwapima wanawake wazee 16,741, wastani wa miaka 72. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa ndani ya miaka iliyofuata kuliko waliotembea 2,700, kwa asilimia 41, na faida iliendelea kupanda hadi kama hatua 7,500 kisha ikatulia. Kwa hiyo tangazo lilikuwa limekosea namba lakini halikukosea mwelekeo. (Na hata hapa pana tahadhari: mzee mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa. Watafiti walijitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu, na walikiri kwamba haliondoki lote.) Mshauri anayekuambia hatua 7,000 zinatosha kuanzia, na kwamba mtu wa hatua 3,000 akiongeza elfu moja tayari amefanya jambo, huyo huenda amesoma. Anayesema chini ya elfu kumi ni kazi bure, amesoma boksi la saa ya kuhesabu hatua.

Ukifuata pesa

Chuo Kikuu cha Glasgow kiliwahi kupima, mwaka 2019, watu tisa maarufu wa mitandaoni nchini Uingereza wanaotoa ushauri wa kupunguza uzito. Waliangaliwa kwa vigezo kama uwazi, kutaja ushahidi, na lishe ya milo waliyopendekeza. Aliyefaulu ni mmoja.

Kuuza si kosa. Kocha anahitaji kula, na mwalimu mzuri anayelipwa ni bora kuliko mpumbavu wa bure. Cha kutazama ni kama ushauri wenyewe unasimama bila bidhaa. Ukiondoa kopo, mkanda wa tumbo au chai kwenye maelezo yake, kinabaki kitu? Mwingine angalau anauza programu tu, ila hata hiyo iangalie. Huko Texas, mwanasheria mkuu wa jimbo alimshtaki Brittany Dawn Davis Februari 2022 akidai kwamba aliuza mipango ya mazoezi na lishe aliyoiita ya mtu binafsi, wakati wateja walikuwa wakipokea kilekile. Kesi iliisha 2023 kwa makubaliano ya kulipa dola 400,000. Wateja wengi waligundua siku walipoanza kulinganisha mafaili yao wao kwa wao. Hiyo ni mbinu rahisi ambayo hata hapa inafanya kazi: tafuteni wawili, mwenye kilo 60 na mwenye kilo 110, mlinganishe mlichotumiwa.

Kwetu zaidi ni vidonge na chai. Matangazo yana lugha yake: mitishamba asilia, haina kemikali, bei inboksi, tupo Kariakoo, mikoani tunatuma. Chai nyingi za kupunguza mwili duniani zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo unachopoteza ni maji na kinyesi, na mizani inakupongeza. Vidonge vina hatari kubwa zaidi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imetoa maonyo mara nyingi kuhusu bidhaa za kupunguza unene zinazouzwa kama za asili lakini ndani yake imekutwa sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Dawa hiyo inapunguza hamu ya kula kweli. Ndiyo maana ushuhuda wa bidhaa hizi unakuwa mzuri: zinafanya kazi, kwa sababu zina kitu ambacho hakikuandikwa kwenye kopo. Kwa Tanzania Bara dawa husajiliwa na TMDA, Zanzibar na ZFDA, Kenya na Bodi ya Famasia na Sumu. Muuzaji akikwepa swali la namba ya usajili, hapo pesa ibaki mfukoni.

Ili nisionekane nachukia kila kopo: unga wa protini ni chakula tu, na kuna mapitio ya 2018 yaliyounganisha majaribio 49, yakaona kwa wanaonyanyua vyuma faida ya protini hufika kikomo kwenye takriban gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukizipata kwa maharage, dagaa, mayai na maziwa, kopo halikuongezei kitu. Kreatini, unga mwingine unaouzwa kwa wanaofanya mazoezi, nayo imechunguzwa mno na kwa watu wenye afya gramu 3 hadi 5 kwa siku zinasaidia kidogo kwenye nguvu. Kidogo. Hilo neno hulioni kwenye matangazo.

Ukikosea, unapoteza nini?

Huwezi kuchunguza kila klipu, maisha hayatoshi. Kwa hiyo mimi hupanga ushauri kwa madhara yake kabla ya ukweli wake. Mtu akisema unyooshe viungo baada ya mazoezi ili usiumwe kesho, mapitio ya majaribio yanaonyesha kunyoosha hakupunguzi maumivu hayo kwa kiasi cha maana, lakini ukinyoosha umepoteza dakika tano tu. Acha ipite. Mtu akisema ufunge siku tano kwa maji, unywe kitu, uache dawa zako za presha au sukari kwa sababu mazoezi yanatosha, hapo ushahidi unaohitajika ni mzito, na mahali pake ni mbele ya daktari aliyekupima.

Katikati kuna hatari moja ambayo watu wengi hawaijui. Changamoto za kushindana mtandaoni, skwati (kuchuchumaa na kuinuka) 300 kwa siku ya kwanza na mfano wa hayo, zinaweza kumvunja misuli mtu asiyezoea, kwa maana halisi: chembe za misuli hupasuka na yaliyomo kumwagika kwenye damu, kisha figo zinazidiwa kuyachuja. Dalili zake ni maumivu yaliyozidi sana ya kawaida, misuli kuvimba na kulegea, na mkojo wenye rangi ya kahawa au kokakola. Ukiona hivyo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usimuulize aliyeanzisha changamoto. Atakuambia maumivu ni udhaifu unatoka mwilini.

Tukirudi kwa washauri, wazuri wapo, na nadhani tunawapita kwa sababu wanachosha. Anasema "inategemea" kisha anataja inategemea nini. Anakutajia nani asifanye zoezi hilo: mjamzito, mwenye ngiri, mwenye goti lililowahi kufanyiwa upasuaji. Amewahi kurudi akasema jambo fulani alilolifundisha mwanzo limebadilika. Haogopi kukutuma kwa mtu mwingine. Mara nyingi wafuasi wake ni wachache.

Video pia ina jambo ambalo inaliweza kuliko kitabu, nalo ni kuonyesha ufundi: miguu iwe wapi, mgongo uweje, chuma kishikwe namna gani. Kwa hilo nazitumia na ninazipendekeza. Hata huko lakini jihadhari na amri zisizo na masharti. "Goti lisivuke vidole vya mguu" imefundishwa kwenye jimu nyingi kama sheria ya skwati. Mwaka 2003 wanaume saba walichuchumaa na chuma mabegani, mara ya kwanza wakiwa huru, mara ya pili ubao umewekwa mbele ya miguu uzuie magoti. Ubao ulipunguza mzigo wa goti kwa sehemu fulani, lakini kwenye nyonga mzigo uliongezeka takriban mara kumi, maana mtu alilazimika kuinama mbele. Mwenye goti bovu anaweza kufaidika na sheria ile. Mwenye mgongo bovu inaweza kumuumiza. Watu saba ni wachache, lakini fizikia yake haihitaji watu wengi, jaribu kuchuchumaa ukiwa umeuelekea ukuta kwa karibu, utaihisi. Klipu nzuri ya skwati hukuonyesha mwili kutoka ubavuni, hukuonyesha namna mbili au tatu kulingana na urefu wa mapaja, na huanza bila uzito.

Ushauri ukivuka vizingiti hivi, bado hujui kama utakufaa wewe, kwa sababu wewe ni mmoja wa wale 585 na hujui ni yupi. Hapo unajaribu, lakini kwa utaratibu: badilisha jambo moja tu, si mlo na mazoezi na usingizi kwa mpigo. Pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, asubuhi kabla ya kula, mara moja kwa wiki, usawa wa kitovu. Mizani peke yake itakudanganya kwa maji. Andika umenyanyua kiasi gani au umekimbia umbali gani. Kipe wiki nane hadi kumi na mbili. Kama namba zimesogea, endelea. Kama hazijasogea na ulifuata kweli, badilisha jambo jingine, na usikubali kuambiwa tatizo ni wewe na mtu ambaye hajawahi kukuuliza umri wako, kazi yako wala dawa unazotumia.